Kizimba cha Kware: Amana Kabla ya Biashara



Wapenzi wasomaji, ukurasa wetu wa juma hili unajibu barua. Imeandikwa na dada mmoja wa upande wa Kisauni, naye ameniridhia niitaje barua yake bila ya kumtaja jina. Ni mjane mwenye watoto wanne. Zamu yake ya chama imemfikia, na fedha hizo anakusudia kuzitumia kwa kujengea vizimba vya kufugia kware 200 uani kwake. Swali lake lilikuwa fupi: fundi aambiwe ajenge vipi? Mwisho wa barua akaongeza jambo lililonifanya niiweke kando karatasi kwa muda: kwamba fedha hizi zikipotea, hana nyingine za kuanzia upya.

Dada yangu, kabla sijakujibu, sina budi kukuhadithia la kwangu mwenyewe, maana anayeulizwa njia yampasa aseme pia pale alipopotea.

Miaka minane iliyopita niliingiwa na hamu ya kufuga kware. Nakusudia yule kware mdogo wa kufugwa nyumbani, si kwale wa porini anayeonekana mashambani. Wengi katika wafasiri wa Qur'ani wamesema kwamba salwa, ndege waliotajwa katika Suratul Baqara aya ya 57, walikuwa ni kware au ndege wa namna yake. Hilo peke yake lilinipendezesha ndege huyu. Nikamwita fundi seremala, nikamwagiza kizimba kikubwa, nikidhani ya kwamba nafasi ya kwenda juu ni ihsani kwa ndege. Akanitengenezea kizimba kizuri mno kwa kutazama: ndani kimo chake kilikaribia mita 1, na pande zote hata sakafu alipiga wavu wa kawaida wa kuku, ule wa macho makubwa ya pembe sita. Nikanunua kware 20.

Usiku wa kwanza paka alipita ukutani. Kware akishtuka hakimbii kama kuku. Huruka wima kwa nguvu zake zote kama jiwe lililorushwa. Asubuhi niliwakuta watatu wamekufa, vichwa vyao vimepasuka kwa kugonga juu. Usiku wa nne paka yule yule aliingia chini ya kizimba, akawa anaivuta miguu yao kupitia katika macho ya wavu. Sitaieleza zaidi hali niliyoikuta. Siku ya kumi na mbili walikuwa wamebakia 7, nao wakitetemeka kila kivuli kikipita.

Mke wangu alikuwa ananisaidia kuwazika waliokufa. Akaniambia kwa upole, "Bwana, juma lililopita ulitusomesha darsa ya yule mwanamke na paka wake. Hawa wetu je, hawana kesi?"

Sikuwa na jawabu. Hadithi aliyoikusudia ni mashuhuri, imepokewa na Bukhari na Muslim: mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia. Miaka mingi niliisomesha hadithi hiyo nikidhani kosa ni njaa peke yake. Siku ile nilielewa kwamba msingi wake ni kule kufungia. Ndege aliye huru akiona paka, hukimbia. Ukishamtia kizimbani umemnyang'anya mbio zake, na ulinzi wake wote umekuwa deni juu yako. Kizimba ndicho mahali deni hilo linapolipwa, au linapokataliwa.

Basi dada yangu, na wengine wote wenye nia kama yako, haya ndiyo niliyojifunza kwa hasara yangu na kwa kuwauliza waliotangulia.

Kwanza, ukubwa. Jenga kizimba cha kware 12 tu, na sababu ya hesabu hii utaiona mbele. Upana wake uwe sentimita 90 na kina chake sentimita 60. Kwa vipimo hivyo kila ndege atapata nafasi ya kutembea, kunyoosha bawa na kumwepuka mwenzake mkorofi. Wapo wanaowasonga zaidi ya hivyo, na malipo yake ni ndege wanaonyonyoana manyoya na kudonoana hadi damu. Kimo cha ndani kisizidi sentimita 25, yaani shibiri moja na kitu kidogo. Najua ni fupi kwa macho ya mtu, nami ndipo nilipokosea. Lakini kware ni ndege wa ardhini, halali juu ya kitagaa. Katika kimo hicho hapati mwendo wa kuruka hata ajiumize. Juu ya hayo, chini ya dari tandaza kipande cha jamvi la plastiki lililo laini, ulikaze vizuri ili lisining'inie.

Pili, wavu. Achana kabisa na wavu wa kuku wa pembe sita. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukaulize wavu wa mraba uliopakwa zinki, wa namna ile wanayoanikia kahawa huko bara. Macho yake yasizidi nusu inchi, yaani milimita 13 hivi. Kwa jicho hilo kinyesi hupenya chini, mguu wa ndege hauzami, na mkono wa paka haupiti. Kila ncha ya waya iliyokatwa ikunjwe kwa koleo na ielekezwe nje, maana ncha moja iliyosahauliwa ndani huweza kumtoboa ndege jicho. Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, hewa ya chumvi hula chuma haraka. Kila mwezi pitisha kidole juu ya wavu, na ukiona kutu imeanza kwenye viungo, badilisha kipande hicho kabla hakijakatika usiku.

Tatu, sakafu. Mwambie fundi aiinamishe kutoka nyuma kuja mbele kwa sentimita 5. Mwinamo huo unatosha yai kubingirika lenyewe taratibu hadi nje, na hautoshi kumchosha ndege miguu. Chini ya ukuta wa mbele aache mwanya wa sentimita 3, na wavu wa sakafu uendelee mbele sentimita 10 kisha upindwe juu kama ukingo wa sinia. Hapo ndipo mayai yatakapokusanyika, yakiwa safi na salama na miguu ya ndege. Lakini kijisinia hicho kiwe na kifuniko cha wavu chenye bawaba. Anayewajua kunguru wa Mombasa hatouliza sababu.

Usiwasimamishe ndege juu ya waya mtupu mchana na usiku. Waya huwatia vidonda vya nyayo. Kona moja ya nyuma weka kipande cha ubao wapumzikie, na kona ya pili weka kisanduku cha mchanga cha sentimita 30 kwa 20, chenye kina cha sentimita 5. Kware huoga mchanga kama sisi tuogavyo maji. Ndivyo anavyotunza manyoya yake. Mchanga uwe mkavu wa shamba, si wa ufukweni wenye chumvi, na ubadilishwe unapochafuka. Wakati mwingine watataga humo mchangani. Usiwaonee, chukua yai lako tu.

Nne, mlango. Uwe mdogo, wa kupitisha mkono na si zaidi, na ujifunge wenyewe ukiuachilia. Njiwa akitoka hurudi, na kuku akitoka hurudi jioni. Kware akitoka amekwenda. Weka komeo la kuzungusha, si uzi wala kibanio cha nguo, kwa sababu watoto wa nyumba ni wadadisi kuliko paka.

Tano, chakula na maji. Vyombo vyote viwe nje, na mbele ya kizimba paachwe nafasi za sentimita 3 ili ndege atoe kichwa tu. Bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kuzibwa ncha zake linatosha kwa chakula. Kikiwekwa ndani, hukikanyaga, hukipekua na kukichafua, na fedha yako itakuwa sakafuni. Kila ndege mzima hula gramu 20 hadi 25 kwa siku. Maji yabadilishwe asubuhi na alasiri, kwani katika joto letu maji ya moto ni sawa na kutokuwa na maji.

Sita, miguu ya kizimba. Kiinue mita 1 kutoka chini, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machakavu ya gari, ili siafu na sisimizi wasipande. Makopo hayo yawekewe vifuniko vilivyotobolewa ili watoto wasichezee. Chini ya sakafu ya wavu, kwa umbali wa sentimita 10, tia bati la kupokea kinyesi, liwe la kuvutwa kama mtoto wa meza. Litandazie maranda ya seremala, na ulimwage kila siku.

Baada ya kizimba ni mahali pa kukiweka. Hapa mjini nyumba zetu zimebanana, na ua mmoja wakati mwingine unatazamwa na madirisha ya watu watatu. Chagua pahali penye kivuli na panapopita upepo. Upande unaopigwa na kusi uzibwe kwa mbao kutoka juu hadi chini, maana masika huja na mvua ya kulalia upande, na ndege aliyerowa hana umri mrefu. Pande mbili ziachwe wazi. Siku za kaskazi, joto linapopita nyuzi 30, utawaona wakihema midomo wazi. Hapo ning'iniza gunia lililoloweshwa upande upepo unakotokea, bila ya kuuziba, na uwaongezee maji. Paa likiwa la makuti ni bora kuliko bati tupu, na liinuliwe shibiri moja juu ya kizimba ili hewa ipite katikati. Usiwaweke jikoni penye moshi, wala chumba cha kulala.

Jirani naye ana haki yake. Kinyesi kisichoondolewa hutoa harufu kali inayochoma macho, na dume la kware hulia kwa sauti ya ukali, wakati mwingine usiku wa manane. Kabla ya fundi hajapiga msumari wa kwanza, mwende jirani mumpe habari. Kizimba kisielekezwe dirisha la mgonjwa wala la mzee. Mayai matano yatakayopelekwa kwa jirani mara moja moja yatazungumza vizuri kuliko kuomba radhi.

Na wanawake wengi huniuliza jambo hili, basi nilieleze. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, kinyesi cha ndege ni najisi, hata awe ndege wa halali kuliwa. Kwa hivyo kizimba kikae mbali na kamba ya nguo na mahali mnaposalia, na anayekisafisha awe na nguo yake maalumu ya kazi hiyo. Yai lililopakaa kinyesi lioshwe wakati unapotaka kulipika, kabla ya kulivunja. Ukiliosha mapema na kuliweka, huharibika upesi. Na maranda yaliyochanganyika na kinyesi usiyauze. Mpe bure mwenye bustani ya mchicha, naye atakuombea dua.

Sasa nirudi kwenye ile hesabu ya 12, dada yangu, maana hapa ndipo penye fedha zako.

Chukua majike 9 na madume 3, yaani dume moja kwa majike matatu. Wakinunuliwa wakiwa na majuma 5 au 6, hukaribia kuanza kutaga. Hapa kwetu mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, nao huhitaji mwangaza wa saa 14 hadi 16 ili watage vizuri. Basi taa ndogo iwashwe tangu magharibi hadi saa 3 usiku, kisha izimwe wapumzike. Ukiwatunza hivyo, tuseme utapata mayai 7 kwa siku. Yai la kware lina uzito wa gramu 10 hadi 12, kwa hiyo mayai matano ndiyo sawa na yai moja la kuku. Mayai yako 7 basi ni yai moja na nusu la kuku, hivi. Chakula cha ndege 12 ni takriban gramu 300 kwa siku, yaani kilo 9 kwa mwezi. Chukua kalamu, andika bei ya kilo hizo 9 dukani kwenu, kisha uandike bei ambayo majirani zako watalinunulia yai la kware. Usiandike bei uliyoahidiwa na anayekuuzia ndege. Hesabu hiyo ukiifanya kwa ndege 12, utajua ukweli kwa gharama ndogo. Ukiifanya kwa ndege 200, utaujua fedha ya chama ikiwa imekwisha.

Wenye umri wangu tunakumbuka wimbi la mwaka 2013 na 2014 hapa Kenya. Yai la kware lilivumishwa kuwa dawa ya kila maradhi, bei ikapanda, na watu wakakopa ili wafuge. Wafugaji walipokuwa wengi kuliko walaji, bei ikaanguka, na wengi wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasioweza kuwalisha. Ndege hawakuwa na hatia yoyote, nao ndio waliolala na njaa. Wakati huo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza kwamba ufugaji wa kware unahitaji leseni. Basi kabla ya kununua hata ndege mmoja, fika ofisi yao iliyo karibu nawe, uulize utaratibu wa sasa, na ufuate. Na utakapouza, uza yai kama yai. Ni chakula chema. Kulisifia kuwa linaponya sukari au presha ni udanganyifu, na fedha yake haina baraka.

Hivyo jawabu langu ni hili. Katika fedha za chama toa sehemu ndogo tu: mbao, wavu, bati, ujira wa fundi na ndege 12. Zilizobaki ziweke, wala usizitaje mbele ya anayeuza ndege. Fuga hao 12 kwa miezi sita, ili wapite kaskazi na kusi mbele ya macho yako. Andika kila yai na kila kilo ya chakula katika daftari la mmoja wa watoto wako. Ikiwa baada ya miezi hiyo daftari linakwambia kuna faida, ongeza kizimba cha pili kwa vipimo vile vile. Ikiwa linakwambia hakuna, utakuwa umepata kitoweo cha watoto na elimu, na akiba yako ingali mkononi. Ukiona mzigo umekushinda, wachinjwe kwa haki kama kuku wanavyochinjwa, au wape mwenye uwezo wa kuwatunza. Kuwaacha wadhoofike kidogo kidogo ndiyo njia isiyokuwa na udhuru.

Watoto wako wanne nao wape sehemu ya kazi hii. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa kwa kuniya ya Abu Umair, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Kijindege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Bwana Mtume (S.A.W.) alimsemesha kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake. Wanazuoni wamechukua katika kisa hicho ruhusa ya kuweka ndege nyumbani, maadamu anatunzwa. Mimi huona ndani yake jambo jingine vile vile: huzuni ya mtoto juu ya kiumbe kidogo haikudharauliwa. Mtoto akiamshwa asubuhi amwage bati la kinyesi, na jioni ahesabu ndege kabla ya kufunga komeo, atajifunza kuchunga kilicho chini ya mkono wake. Kesho huenda akachunga nyumba, na keshokutwa mali ya yatima.

Mimi wale 7 waliobaki sikuwauza. Nilikivunja kizimba cha kwanza, fundi akanijengea kingine kwa vipimo hivi nilivyovitaja, na waliishi humo hadi mwisho wa umri wao. Kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nikitoka na taa kuwatazama, nikishika komeo kwa mkono. Mke wangu hakunisema tena.

Mwenyezi Mungu akujaalie rizki ya halali, dada yangu, akukuzie watoto wako katika heri, na atusamehe sisi tulivyovizembea viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.